Splita imenishushia picha kwenye banda langu, ninunue ipi?

SWALI

Shikamoo anko fundi, mi msomaji wako nipo hapa Tanga, Makorora, nina banda la kuonyesha mpira na pembeni nimefungua kona ya gemu kwa ajili ya vijana, na kusema ukweli hiyo kona ndo inayoniwekea ugali mezani maana mpira una siku zake, na Coastal wakiwa wanacheza pale Mkwakwani ndo kabisa banda linabaki na mimi na muuza kashata.

Sasa anko, kaka angu yupo Muscat alinitumia tivii ya inchi 55 ya 4K yenye 120Hz, yaani picha inabadilika mara 120 kwa sekunde, na PS5. Kabla ya hapo nilikuwa na tivii ya inchi 43 ambayo nayo ni 4K ila ya kawaida 60Hz, nina tivii ya zamani ya inchi 32 iliyoandikwa HD Ready, na nina monita ya kompyuta inchi 22 niliyoichukua mtumba, ya 1080. Ninachotaka ni hivi, siku za mpira dekoda moja itoe picha kwenye skrini zote nne, na siku za gemu vijana wacheze kwenye ile 55 huku walioko barazani wakisubiri zamu waone kwenye 43, maana wasipoona wanaondoka wanaenda banda la jirani.

Binamu yangu akaniazima splita yake, kile kiboksi cha kugawa picha ya HDMI, tundu moja la kuingilia na manne ya kutokea, imeandikwa 4K na basi. Hapo ndo vituko vikaanza. Nikichomeka PS5 na skrini zote nne picha inashuka hadi 720p kila mahali, hata kwenye hiyo 55, vijana wakaanza kuniambia bosi mbona tivii yako mpya ina ukungu. Nikichomoa ile ya zamani inapanda lakini 120 haionekani tena kabisa kwenye setingi, na ukiichomeka PS5 moja kwa moja kwenye tivii bila splita ipo. Binamu akaleta laptopu yake tukabakiza tivii mbili za 4K tu, ikakubali 4K ila kwa 30Hz na mausi ikawa inaburuzika kama imelewa. Na kituko cha mwisho, monita ya mtumba kwenye PS5 inaonyesha vizuri, kwenye dekoda inaandika "out of range" halafu inakuwa nyeusi.

Nimeenda dukani huku Ngamiani wakanitolea maboksi matatu. La kwanza la elfu 35 limeandikwa 4K. La pili elfu 90 limeandikwa 4K 60Hz na 18 Gbps (gigabiti kwa sekunde). La tatu laki mbili na nusu limeandikwa 8K na 4K 120Hz. Muuzaji anasema "4K ni 4K tu kaka chukua la bei rahisi", kaka wa Muscat kwenye simu anasema chukua la bei kubwa vinginevyo umeitupa tivii yangu, na mke wangu anasema nisichukue lolote. Nisaidie anko, nimsikilize nani?

Wako msomaji, Makorora.

JIBU

Marahaba mwanangu. Muuzaji usimsikilize, kaka yako mshukuru kwa tivii halafu hili lingine muachie, na shemeji yangu hapo nyumbani yuko karibu na ukweli kuliko wote ila bado utanunua kitu.

Nianze na kile ambacho watu wengi wanakiruka wakifika dukani. Splita ya kawaida haitengenezi picha, haiongezi wala haina akili ya kumpa kila mtu chake, inachofanya ni kunakili ile picha moja inayoingia na kuitoa vilevile kila tundu, ni kama spika nne za msikiti, muadhini ni mmoja na sauti ni ileile hata kama spika moja ni mpya na nyingine imepasuka. Kwahiyo ukitaka kuchagua splita usianze na boksi, anza na skrini yako iliyo dhaifu kuliko zote kwenye mnyororo huo. Hiyo ndo inayoamua, sio ile 55.

Na inaamua kweli, sisemi kwa mfano. Kila tivii na kila monita ndani yake ina kikumbukumbu kidogo kinaitwa EDID, kina orodha ya rizolusheni (idadi ya pikseli) na rifreshi reti (hizo hezi) ambazo skrini hiyo inazikubali. PS5 ikiwashwa inauliza upande wa pili "we unaweza nini?" na pakiwa na splita katikati basi splita ndo inajibu kwa niaba ya wote. Splita nyingi zinasoma skrini zote halafu zinajibu kile ambacho wote wanakiweza. Hiyo HD Ready yako ikasema mi naweza 720, splita ikaipelekea PS5 jibu hilohilo, na PS5 kwa adabu zake ikashusha. Hapo hakuna kilichoharibika. Zipo splita nyingine zinasoma tundu la kwanza tu na kuwapuuza wengine, hizo ukiweka 55 kwenye tundu la kwanza utapata picha nzuri pale na wenzake wanaweza kubaki giza, na zipo zenye viswichi vidogo vya ubavuni vya kuchagua mwenyewe EDID gani itumike. Mi napenda zenye viswichi, unajua umeambiwa nini na nani.

Sasa hiyo 30Hz ya laptopu, hiyo nayo imenipa jibu la splita ya binamu bila kuiona. Ni ya zama za HDMI 1.4, toleo la mwaka 2009, ambalo mwisho wake ni gigabiti 10.2 kwa sekunde. Picha ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, yaani zaidi ya milioni nane, mara nne kamili ya 1080. Ukiirusha mara 30 kwa sekunde inakula kama gigabiti 8.9, inapita. Ukiirusha mara 60 inataka kama 17.8, haipiti, ndo maana likaja HDMI 2.0 mwaka 2013 likiwa na 18, hesabu imekaa mulemule kwa kubana. Kwahiyo boksi likiandikwa "4K" peke yake bila hezi, mara nyingi maana yake ni 4K ya 30, na muuzaji wako hajadanganya neno kwa neno ila hajakusaidia. Mausi inaburuzika, gemu nalo lingeburuzika hivyohivyo.

Halafu kitu ambacho wengi hawakijui, 1080p ya 120Hz nayo inakula gigabiti 8.9, sawasawa na 4K ya 30. Maana yake hata hicho kisplita cha binamu kwa upana wa njia yake kingeweza kupitisha 120 kwa rizolusheni ya 1080. Tatizo halikuwa njia, tatizo ni kwamba ulikiunganisha na 43 ambayo ni ya 60, kikaulizwa mnaweza nini nyote, kikajibu 60. Unaona? Rizolusheni na hezi ni vitu viwili tofauti na kila kimoja kinaweza kukuangusha peke yake.

Hapo ndo tunamfikia kaka wa Muscat na boksi lake la laki mbili na nusu. Splita ya HDMI 2.1 inayofika kweli gigabiti 48 ni kitu kizuri sana, kwa mtu mwenye skrini mbili zote za 4K 120. We unayo moja. Ukiweka 55 tundu la kwanza na 43 tundu la pili, ama splita itashusha wote hadi 60, ama itang'ang'ania 120 na 43 itabaki nyeusi na vijana wa barazani wataenda kwa jirani. Umelipa laki na sitini zaidi kupata kilekile. Na hata jina lenyewe HDMI 2.1 siku hizi lisikubabaishe, taratibu za HDMI zinaruhusu kifaa kuandikwa 2.1 hata kama hakina ile njia kubwa ya 48, kwahiyo anayelihitaji kweli asome namba za gigabiti na aone 4K 120 imeandikwa wazi, sio namba ya toleo.

Na nikuulize swali la kibiashara, hao vijana wanacheza nini? Kama ni mpira, na najua ni mpira maana banda gani la Tanga halichezi mpira, magemu ya mpira yanayotamba kwenye PS5 yanakwenda fremu 60 kwa sekunde. Tivii ikiwa ya 120 au 240 fremu ni zilezile 60. Anayefaidi 120 ni yule wa magemu ya kurushiana risasi, Fortnite kwa mfano ina modi yake ya 120. Kwahiyo siku akija mteja wa hivyo, chomoa splita chomeka PS5 moja kwa moja kwenye 55, wachache hao wala hawana watazamaji wengi, wakimaliza unarudisha. Ila kuchomachoma kila saa kunachosha matundu ya PS5, weka utaratibu, labda siku moja ya wiki iwe ya hao.

Boksi la pili basi. Ila kabla hujatoa elfu 90 geuza nyuma usome maandishi madogo. Kuna ujanja mmoja, boksi linaandika "4K 60Hz" kwa herufi kubwa halafu chini kabisa kwa herufi za sisimizi linaweka 4:2:0. Hiyo maana yake wamepunguza taarifa za rangi, kila pikseli nne zinagawana rangi moja, na kwa kufanya hivyo 4K 60 inaingia kwenye njia ileile ya zamani ya gigabiti 10.2. Yaani ni lile boksi la elfu 35 limevaa kanzu. Kwa kuangalia mpira huwezi kuona sana tofauti, nyasi ni nyasi, lakini kwenye menyu za gemu na maandishi madogo hasa mekundu juu ya buluu kingo zinakuwa na ukungu, na vijana wako wameshaonyesha kwamba ukungu wanauona. Unataka uone 18 Gbps na uone 4:4:4, yaani kila pikseli na rangi yake, vyote viwili. Lako 18 limeandikwa, bado hiyo nyingine. Na likiwa la tundu moja kuingia mawili kutoka linakutosha, usinunue la nne kwa ajili ya gemu maana ukiwa na matundu manne wazi siku moja utachomeka ile HD Ready tu, nakujua.

Ndio, ninachokuambia ni splita mbili, na usishtuke, ya pili ni ya bei ndogo. Dekoda yako haitoi 4K, matangazo yetu ya HD hayazidi 1080, kwahiyo kuipitisha kwenye splita ya 18 ni kuvaa suti kwenda kuvua dagaa. Hapo lile boksi la elfu 35 lenye matundu manne ndo mahali pake hasa, na hapo muuzaji wako angekuwa sahihi kama angeuliza unachomeka nini. Usichanganye PS5 na dekoda kwenye splita moja kwa kubadilishana, kila kimoja kiwe na njia yake, na kwenye 55 na 43 utumie tundu la HDMI 1 kwa gemu na HDMI 2 kwa dekoda, unabadilisha kwa rimoti tu.

Monita ya mtumba sasa, hii nimeipenda. PS5 inatoa 60Hz. Dekoda zetu huku zinafuata utaratibu wa 50Hz, na tena mara nyingi ni 1080i, ile ya mistari nusunusu. Tivii zinakubali yote hayo bila kinyongo, monita za kompyuta nyingi hasa za zamani zinajua 60 na zinajua p, ile ya picha nzima kwa mpigo, ukiziletea 50 au i zinaandika "out of range" kama ilivyokuandikia. Ingia setingi za dekoda sehemu ya picha, kwanza badilisha 1080i uweke 720p uone, na kama kuna chaguo la 60 lijaribu. Ikikataa zote basi monita hiyo sio ya mpira, iweke pembeni. Na tofautisha na kitu kingine, kama skrini haiandiki kitu ni nyeusi tu au theluji theluji, au inasema HDCP, hapo sio hezi, ni ile kinga ya haki ya kunakili, skrini isiyoijua kinga hiyo dekoda haitaipa picha na hakuna setingi itakayokusaidia. Kwa dekoda ya HD HDCP 1.4 inatosha, ila splita ya gemu iwe na HDCP 2.2 kwa sababu siku ukitaka kuangalia filamu za 4K kwenye hiyo PS5 itadaiwa.

Umeniambia unataka skrini nne za mpira, monita ikigoma zitabaki tatu, sioni tatizo, inchi 22 kwenye banda anaiona nani.

Kwa watakaosoma hapa wakiwa na 4K moja na 1080 moja, zipo splita za HDMI 2.0 zinazoweza kushusha rizolusheni tundu kwa tundu, moja inatoa 4K na nyingine 1080 kwa wakati mmoja. Nzuri sana hizo. Ila angalia, zinashusha pikseli, hezi kwa kawaida hazizigusi, ukiingiza 120 inatoka 120, kwahiyo kwa msomaji wetu wa Makorora haziokoi chochote.

Waya. Kutoka PS5 hadi baraza ni mita ngapi hukusema. Kwa 4K 60 waya wa kawaida wa shaba usizidishe kama mita tano, ukizidi hapo picha inaanza kukatakata vidoti vyeupe au inapotea sekunde mbili inarudi, na watu wanalaumu splita bure. Tafuta ulioandikwa "Premium High Speed", huo ndo wa 18. Ikiwa mbali zaidi chukua wa faiba, au kwa mpira wa 1080 tumia vile viboksi vya kupitisha HDMI kwenye waya wa mtandao wa Cat6, vinafika mbali. Splita ichukue umeme kwenye adapta yake, zile zinazodai hazihitaji umeme achana nazo kabisa. Na Tanga hii yenye upepo wa chumvi, usiache matundu wazi yakiangalia dirisha, yanaota kutu ya kijani ukija kuchomeka mwezi ujao inaonyesha leo kesho haionyeshi.

Umeme ukikatika ukirudi, usiwashe vyote kwa pamoja, washa tivii kwanza, halafu splita, mwisho PS5 au dekoda, ili kule kuulizana kuanze wakati wa kujibu wapo macho. Nusu ya "splita imekufa" ninazoletewa zinafufuka hivyo. Na kidogo pembeni ya mada, hakikisha kifurushi chako cha dekoda ni cha biashara, cha nyumbani hakiruhusiwi kuonyeshea watu kwa kiingilio.

Siku ya kununua usiende mikono mitupu, beba PS5 na waya wako, muombe muuzaji tivii zake mbili za 4K au hata ubebe ile 43 kwenye bajaji, chomeka pale pale dukani kabla ya kulipa. Ingia setingi za PS5, skrini na video, fungua ukurasa wa taarifa za video inayotoka, unataka usome 3840 x 2160, 60Hz, na rangi RGB (zima HDR kwanza kwenye setingi hizohizo). Ukikuta YUV420, yaani ile 4:2:0, mrudishie boksi lake. Ukikuta 1080 badilisha waya kwanza ujaribu tena, ikibaki hivyo mrudishie pia.